Neno Lililosomwa Mara Mbili

Zainabu mwanangu,

Umeondoka asubuhi na senge yako, dada ya baba yako, kwenda Bungoma kumuaga baba pale alipozikwa, na nyumba imebaki na mimi, paka, na sanduku lako katikati ya sebule. Nimejigonga kwenye hilo sanduku mpaka mguu umevimba. Ningeweza kulisogeza ukutani, lakini kila nikilishika naona kama nakusukuma wewe utoke, basi nimeliacha hapo lilipo. Mtarudi jioni mkute chapati, majirani wa mtaa wetu wa Tuwan watajaa humu ndani, kila mmoja atataka kukuombea, na kesho alfajiri utapanda gari la Eldoret uende uwanja wa ndege. Sitapata nafasi ya kukwambia jambo refu. Na hata nikiipata, unanijua: nikianza kuongea machozi yanatangulia, halafu nakasirika kwa sababu nimelia, halafu tunaishia kugombana juu ya soksi. Ndiyo maana naandika.

Mambo ya sweta na vyakula vya huko utaambiwa na wengine. Senge yako amejiandaa kwa hilo tangu Krismasi. Mimi nataka tuzungumze juu ya ule mstari.

Najua umeshajua ni upi. Katika nyumba hii hakuna mwingine.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikakukuta mezani na laptopu yako. Nikakuuliza, kwa utani tu, "Na huko unaenda kufanya nini hasa? Watu wakiniuliza mimi nasema kompyuta, basi."

Ukacheka. "Mama, naenda kufanya kazi ya kijiti."

"Kijiti gani?"

"Si hiki kinapepesa ukiandika. Unajua Kiswahili kinaenda hivi, Kiarabu kinakuja hivi? Sasa zikikutana kwa mstari moja, kijiti kinachanganyikiwa kisimame wapi. Ukivuta kuchagua maneno, ile rangi inakatika vipande viwili. Ukifuta, inafuta kwingine. Watu wanalalamika sana. Mimi wameniajiri niwe kwa timu ya kurekebisha hiyo."

Halafu ukanivutia kiti. Ukaandika mstari: maneno ya Kiswahili, kisha Kiarabu katikati, kisha Kiswahili tena. Ukaniambia niweke kijiti kwenye ukingo wa kulia wa Kiarabu, nifute. Nikabonyeza. Macho yangu yalikuwa pale pale kwenye kijiti, na pale hakuna kilichoondoka. Ng'ambo ya pili, upande wa kushoto wa Kiarabu, herufi ya Kiswahili ikapotea. Nikabonyeza tena, nyingine ikapotea.

"Umeona?" ukasema. "Wewe unaona hapa ni mwisho wa Kiarabu. Lakini Kiarabu kinaanzia kulia, kwa hivyo kwa kompyuta hapa ndio mwanzo wake. Na kabla ya huo mwanzo kuna nini? Kuna lile neno la Kiswahili lilitangulia. Inafuta hilo."

Nikasimama, nikasema chai inamwagika. Hakukuwa na chai motoni, na wewe uliliona jiko likiwa limezimwa. Nilisimama jikoni nimeshika sinki kwa mikono miwili. Ukauliza kutoka sebuleni, "Mama, nimekuboesha?" Nikajibu hapana. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanionyesha kazi yako au ulikuwa unaniuliza swali. Sikukuuliza. Mimi ni mwepesi wa kufoka na mzito wa kuuliza, na hilo limenigharimu zaidi ya kitu kingine chochote.

Wacha nikupeleke nyuma kidogo.

Baba yako alikuja dukani kwangu hapa Kitale siku ya mvua, ametoka Suam alikokuwa akiuza kanga siku za soko, na mkononi ameshika bunda la karatasi lililofungwa kwa nailoni. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji lakini zile karatasi zilikuwa kavu. Wakati huo nilikuwa nachapa mitihani ya shule, kadi za harusi, na historia za marehemu za kusomwa matangani. Akaniambia ana kijitabu cha dua za watoto wa madrasa ya kwao Bungoma, na anataka Kiarabu na maana yake ya Kiswahili vikae katika mstari mmoja. Maduka mengine yalikuwa yamemwambia aweke Kiarabu ukurasa huu na Kiswahili ukurasa ule. Alikataa. Alisema mtoto akipewa kurasa mbili ataruka mmoja.

Mimi, binti wa Wakikuyu wa Trans-Nzoia, nimezaliwa katikati ya mahindi, herufi za Kiarabu nilikuwa nimeziona kwenye pakiti ya tende tu. Lakini aliposema wengine wameshindwa, kiburi kikanipanda. Nikamwambia aketi.

Tulitumia kibodi moja. Yeye akikaa kulia, mimi kushoto. Mimi naandika Kiswahili mpaka Kiarabu kinapoanza, namsukumia kibodi, naye anaandika Kiarabu chake mpaka kinapokwisha, ananirudishia. Mstari mmoja ulikuwa unatumaliza. Maneno yalikuwa yakirukaruka, nukta inatoka mwisho inakwenda kukaa mwanzo, namba zinageuka. Nilikuwa natukana kompyuta ile mpaka wateja wanacheka. Yeye hakuwahi kupandisha sauti.

"Wanjiru, wewe una haraka bana," alikuwa akiniambia. "Wacha kuvuta na hiyo kipanya. Shikilia shifti, tembea na mshale, herufi moja moja. Harafu ikiruka usiogope. Fuata tu uone imeenda wapi."

Nilikuwa nafuata kwa dakika chache, halafu narudia kuvuta. Hivyo ndivyo nilivyoolewa, mami. Wengine wanakutana kwenye kwaya. Sisi tulikutana kwenye mpaka wa Kiswahili na Kiarabu tukipokezana kibodi. Kwetu walinung'unika, kwao walinung'unika zaidi, na sisi tukaendelea. Aliniachia kanisa langu, nikamwachia madrasa yake, na wewe na ndugu yako Yusufu mkala sikukuu za pande zote mbili na bado mkasema hamjashiba.

Jina lako nilikupa mimi. Kwetu msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake, na mama yake alikuwa Zainabu. Nilipomwambia hakuamini kwamba watu wa kwetu wana desturi hiyo, alidhani nampendelea. Aliinuka akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Tangu siku hiyo hakukuita jina lako hata mara moja. Alikuita mayi, vile alivyomwita mama yake. Ulikuwa unatambaa na mtu mzima anakwambia, "Mayi, njoo." Nataka ulikumbuke hilo unaposoma haya mengine.

Kijitabu kilikwama miaka mingi. Mlizaliwa, duka likahama, soko la Suam likapanda na kushuka. Alipoanza kuugua figo ndipo alipokikumbuka. Wewe ulikuwa darasa la sita. Alilazwa hospitali ya Lugulu, na kila nilipomtembelea alikuwa akiniuliza habari za kijitabu kabla ya kuniuliza habari za nyumbani. Nikamchapishia nakala ya mfano nikampelekea. Aliisoma yote akiwa ameegemea mto, anafuata kwa kidole, siku nzima. Mwanzoni alikuwa ameweka ukurasa wa kutabaruku wenye mstari mmoja tu. Ulianza na majina yetu kwa Kiswahili, kisha dua ya kuombea tuhifadhiwe kwa Kiarabu, kisha maneno "nuru ya nyumba yangu." Majina yalikuwa matatu. Kwa Wanjiru, Yusufu, Zainabu. Niliyaona kwa macho yangu. Kidole chake kilipita juu ya lako nikiwa nimeketi pale kitandani, akasema, "Mayi ataona jina lake kwa kitabu, atanisumbua nimpe nakala kumi apeleke shule."

Halafu akaona kasoro. Mstari ulikuwa umezidi, neno la mwisho limeanguka chini peke yake. "Hii dua, neno ya kwanza nimeandika mara mbili," akaniambia. "Allahumma, Allahumma. Mkono ilikuwa inatetemeka. Toa moja, na mstari itapanda yenyewe."

Nikarudi Kitale. Sisomi Kiarabu, lakini alikuwa amenifundisha kwamba neno la kwanza ni lile la kulia. Nikafungua ule ukurasa, nikaweka kijiti kwenye ukingo wa kulia wa Kiarabu, nikashikilia kontroli nikabonyeza kitufe cha kufutia, kile kinachoondoa neno zima kwa mara moja. Dukani kulikuwa na mtu anataka kadi zake, simu ilikuwa inaita, na macho yangu yalikuwa kwenye lile neno lililoanguka chini. Likapanda. Mstari ukakaa sawa, mmoja, umenyooka. Nikafurahi, mwanangu. Nikahifadhi juu ya nakala ya zamani nikawasha printa.

Sikutembea herufi moja moja. Sikusoma mstari tangu mwanzo. Kipimo changu kilikuwa kimoja: umetosha au haujatosha.

Siku niliyomaliza kubana vijitabu nikavifunga kwenye boksi nikaelekea Lugulu, baba yako aliaga dunia kabla sijafika. Nilikuta ndugu zake wamesimama nje ya wadi. Baba yenu mkubwa alinipokea lile boksi akaliweka chini bila kuuliza lina nini. Alizikwa Bungoma kabla ya jua kuzama, kama dini yake inavyotaka. Ile nakala ya mfano aliyokuwa akiisoma sikuiona tena. Nilirudi kuuliza baada ya siku kadhaa, na kitandani pale alikuwa amelala mtu mwingine, mzee wa watu, akanisikitikia tu. Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje ningeacha vijitabu nikakaa naye siku zile. Angekufa nimemshika mkono.

Vijitabu tuliamua kuvigawa kwenye arobaini. Unaikumbuka ile siku kuliko mimi. Turubai uani, wanawake upande wetu, wanaume upande wao, watoto wa madrasa wameketi kwenye mikeka mbele. Baba mkubwa akasimama na nakala mkononi.

"Mtoto wake wa kike asome ule ukurasa ya kwanza," akasema. "Huyu ndiye alikuwa anamwita mayi. Simama, mama yetu. Soma kwa nguvu watu ya nyuma wasikie."

Ulisimama na sare ya shule kwa sababu nguo nyingine zote zilikuwa zimeloa. Ukafungua. Ukasoma, "Kwa Wanjiru, Yusufu," kisha ukanyamaza. Uliinua macho ukaniangalia. Sikujua kwa nini unaniangalia. Ukarudi kitabuni, ukaanza dua, na hapo ukakwama tena, ukalirudia lile neno, na watu wakaguna kwa huruma. Mimi nikakunong'oneza, "Pole pole, mami." Ukamaliza. Ukaketi. Hukulia hata kidogo, na wote wakakusifu kwa ujasiri.

Nilifungua nakala yangu usiku tulipokwisha kuosha vyombo, ndipo nikaona jina lako halipo.

Sasa nikwambie nilichofanya baadaye, kwa sababu hicho ndicho kilichotutenga. Kufuta kulikuwa kwa mkono tu. Hiki kingine nilikifanya kwa akili yangu yote.

Kwanza, niliporudi Kitale, nilikaa na lile boksi la nakala zilizobaki, nikachukua kalamu ya bluu, na kwenye kila moja nikaandika jina lako baada ya la Yusufu. Niliandika vizuri, kwa herufi za kupendeza. Nilidhani nakurudisha. Ulipotoka shule nikakupa moja kwa furaha kabisa, nikasema, "Tazama, baba alikuandika." Uliangalia lile jina la bluu kando ya majina mawili meusi ya printa. Ukasema, "Hii ni mwandiko yako."

"Mimi nilikosea kwa kompyuta, jina likafutika."

"Ulifutaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Kijiti hakikuwa hata karibu na jina lako, Zainabu! Sijui lilifutikaje."

"Si useme tu ukweli, mama. Ati lilifutika lenyewe. Baba alisahau, na wewe unanifunika nisilie."

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Nikatupa kisu kwenye ubao, nikakwambia mtoto wa darasa la sita hawezi kumwita mama yake mwongo katika nyumba yake mwenyewe. Nikakwambia utoke jikoni. Ukatoka. Nakala uliyokuwa umeishika ukaiacha juu ya viazi.

Hapo ndipo tulipoachana, mami, ingawa tuliendelea kulala nyumba moja. Ulikuwa umenipa nafasi. Uliuliza swali la haki kabisa, "Ulifutaje?" na mimi sikuwa na jibu, nikatumia sauti. Ningeweza kukuketisha dukani mbele ya ile kompyuta nikakwambia, njoo tutafute pamoja, baba yako alisema nini, nilibonyeza wapi, kimeondoka nini. Ulikuwa unasoma Kiarabu wewe! Ungeliona mara moja. Lakini nilikuwa mjane mwenye madeni ya usingizi na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda, na wewe ulikuwa karibu. Sikusema tena. Nikajiambia mtoto atasahau. Ukaacha kwenda madrasa. Ukaacha kusimulia habari za baba. Yusufu akimtaja, wewe unainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Hata ukubwani, ukija likizo, ulikuwa unasalimia picha yake ukutani kama mtu anayepita mbele ya mgeni.

Na bado ukaenda kusomea kompyuta. Walimu walisema una kichwa. Mimi nilikuwa na wazo lingine ambalo sikumwambia mtu, kwamba kuna mtoto ambaye aliambiwa jina linaweza kufutika bila mtu kuligusa, akaenda kuhakikisha. Labda najipendelea. Labda ulipenda hesabu tu, au pesa, na hakuna ubaya. Lakini katika kazi zote za kompyuta duniani, mwanangu, umekwenda kuchagua mistari ya Kiswahili na Kiarabu.

Baada ya Jumapili ile sikulala vizuri. Juzi ulipokwenda sokoni nilichukua ile nakala yangu ya siku ya arobaini, ambayo kalamu ya bluu haikuifikia. Nilivaa miwani, nikaisogeza dirishani. Nimekwambia sisomi Kiarabu, lakini macho ninayo, na mtu aliyechapa maisha yake yote anajua umbo la neno hata kama halijui. Nikaanza upande wa kulia, kama baba yako alivyonifundisha, na safari hii nikaenda pole pole. Kuna umbo, kisha nafasi, kisha umbo lile lile. Nikafuatisha la kwanza kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, nikalisogeza juu ya la pili. Yakalaliana. Niliketi kwenye kitanda chako, na uliporudi ukaniuliza mbona nimekaa gizani, nikakujibu nilikuwa napumzisha mguu.

Sijui kama haya yatakusaidia au yatakuumiza upya. Umeishi miaka mingi na baba aliyekusahau, na huenda umeshamzoea. Kumwondoa sasa, unapoondoka, ni kama kukwambia hasira uliyobeba muda wote haikuwa yake. Hasira hiyo nipe mimi. Ni mimi ninayeistahili. Ukitaka kunipigia simu ukiwa huko unitukane, piga, nitasikiliza, sitakata na sitasema chai inamwagika.

Na ukifika kwenye hiyo kazi, ukiketi na hao wenzako mnaoamua kijiti kisimame wapi, nakuomba umkumbuke mtu mmoja. Ameketi dukani, simu inaita, mstari ulio mbele yake anausoma nusu tu. Hiyo nusu nyingine anamwamini mtu aliyelala hospitali. Atabonyeza mara moja. Akikosea, mashine isimfiche. Kama kuna namna ya kumwonyesha kilichoondoka kabla hakijaondoka, mwonyesheni. Mimi nisingehitaji maelezo marefu. Ningehitaji tu kuona jina lako likitikisika kabla sijalipoteza.

Mengine utajifunza kwa kukosea kwako mwenyewe. Ninachojua ni kile kilichonipata. Ukivunja kitu cha mtu, usikimbilie kukipaka rangi. Nilipoandika jina lako kwa kalamu nilitaka kumaliza aibu yangu haraka, wala sikukufikiria wewe. Na mtu akikuuliza swali ambalo huna jibu lake, mwambie njoo tutafute. Mimi sikujua kwamba mzazi anaruhusiwa kusema hivyo.

Nasikia watu wa jirani wanaanza kuleta viti, nitalazimika kwenda kukanda unga. Barua hii naiweka ndani ya sanduku, chini ya ile kanga ya Suam ambayo baba yako alikataa kuiuza, na katikati yake naweka kijitabu. Ni ile nakala safi, haina kalamu yangu. Usiifungue kwenye ndege mbele ya watu. Subiri ufike, ufunge mlango wako, halafu usome ule ukurasa wa kwanza kwa sauti, vile ulivyosoma chini ya turubai.

Utasoma jina langu, utasoma la Yusufu, utakuta nafasi. Endelea. Utaingia kwenye dua, na neno la kwanza utalisoma, na utalisoma tena, kwa sababu liko pale mara mbili. Lile neno alilonituma nilitoe halijatoka. Mimi nilibonyeza, na neno likatoka, na mstari ukapanda. Lililotoka ni lako.

Siku ile ulisema "Allahumma, Allahumma" mbele ya watu wote, na sote tukadhani ni kilio kimekukaba. Hukukwama, mwanangu. Ulikuwa unasoma kilichoandikwa. Ulikuwa unatuambia kwamba jina lako lilikuwepo, wewe mwenyewe, kwa sauti yako, na mimi mama yako nikakwambia pole pole.

Nenda salama, mayi.

Mama yako,
Wanjiru